Pampu Isiyosikia Lugha Mpya

Mwanamke aliyekuwa akiunywesha nusu ya mji huku amelala chali aliandika neno moja kwenye laptopu yake, Jumapili mchana, akabonyeza, na laptopu ikamjibu kwamba neno hilo hailijui.

Alidhani amekosea herufi. Miwani ilikuwa puani, mguu wa kushoto uliofungwa plasta ulikuwa juu ya mito, na kikombe cha chai kilikuwa kimesimama juu ya plasta yenyewe. Tangu ateleze kwenye ngazi ya tangi alikuwa amegundua kwamba plasta ni meza nzuri kuliko meza. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Telnet. Laptopu ikajibu kwa adabu ileile: amri haijulikani.

"Haijulikani na nani?" akaiuliza. "Asubuhi si uliijua?"

Kazini na mtaani walimwita Mama Pampu. Pampu yenyewe ilikuwa bondeni, tangi kubwa lilikuwa juu ya kilima, na mkuu wa mitambo yote hiyo alikuwa kisanduku cha chuma kilichoundwa zamani na kiwanda ambacho kilishafungwa, mafundi wake wakaenda kila mtu na hamsini zake. Ukitaka kukiamuru kiwashe au kizime pampu ukiwa mbali, ilibidi uingie kwa programu kongwe iitwayo telnet. Ukikijia kwa programu nyingine yoyote, kilinyamaza kama mzee aliyeitwa jina lisilo lake. Mama Pampu alikuwa ameongea nacho miaka mingi, akazijua hasira zake na starehe zake. Alipovunjika mguu, ofisi ilimfungia antena juu ya bati la nyumba ili aendelee kuongea nacho kutoka kitandani. Meneja alikubali shingo upande. Alisema ni kwa muda tu, halafu tutaona.

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyomnyima raha. Mumewe, Fundi Saa, bado alikuwa akifungua kibanda chake kila siku, lakini watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu, na anayeleta ya mkono huwa amerithi ya marehemu na anataka tu aisikie ikilia tena. Nyumba ilikuwa ikienda kwa mshahara wa Mama Pampu. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyewahi kulisema.

"Mume wangu!" aliita. "Njoo, kitu hiki kimepata wazimu."

Fundi Saa akaja kutoka uani, lenzi yake ya kazi imebandikwa kwenye paji la uso kama jicho la akiba.

"Umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha."

"Umeipiga kofi kidogo?"

"Hii siyo redio, baba. Sikiliza, pampu inakimbia. Niliiwasha mwenyewe asubuhi. Leo Jumapili maofisi yamefungwa, tangi linakaribia kujaa mapema na mimi siwezi kuizima."

Fundi Saa akaikodolea macho laptopu. "Si mwanao alikuwa ameishika wakati wa chakula?"

"Akipata tuzo ni mwanao. Akiharibu ni mwanangu."

Binti yao walimwita Kufuli. Jina alilipata akiwa mdogo kwa sababu alikuwa akifunga kila kitu: kabati la sukari, banda la kuku, na siku moja choo, baba yake akiwa ndani. Alipokua akapata kazi ya kufunga kompyuta za watu zisiingiliwe na wezi. Jioni, bila malipo, alishirikiana na kikundi cha watu wa sehemu mbalimbali waliotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta na kuugawa bure. Kila walipotoa toleo jipya walikaa wakaamua programu zipi ziwemo na zipi zitoke, kama mtu anayepanga begi la safari. Jumapili hii alikuwa amekuja kuwasalimia wazazi, na kwa mapenzi tu akaichukua laptopu ya mama yake akaiwekea toleo jipya kabisa. "Sasa uko salama, Mama," alisema, akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake.

Walimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya mizigo ya abiria wengine kwenye basi.

Wakampigia mlinzi wa kituo cha pampu. Mlinzi alikuwa ameenda kunyoa na simu ameiacha kibandani ikichajiwa.

Wakampigia meneja, mwenye ufunguo wa kabati la swichi. Meneja alikuwa na wageni, wakwe zake, na simu ameizima kwa heshima yao.

Mama Pampu akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama baiskeli.

*

Pembeni ya tangi la kilimani kulikuwa na gurudumu jekundu la vali. Ukilifungua vizuri, maji yanayozidi yanateremka kwenye tangi la akiba na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na shida. Mama Pampu alimweleza mumewe hivyo kabla hajaondoka, na akamweleza tena kwa simu alipofika juu akihema kama mvukuto.

"Unaliona gurudumu?"

"Naliona. Hili tangi linanguruma, mke wangu."

"Achana na ngurumo. Lifungue hilo gurudumu."

"Kulia au kushoto?"

"Kama bomba la nyumbani! Unafunguaje bomba la nyumbani?"

Hapo ndipo ujuzi ulipomponza. Fundi Saa alilitazama gurudumu lile, kubwa kama sinia la harusi, akakumbuka kwamba ndani ya saa ya mkono kuna skrubu moja, ile inayoshika kigurudumu cha kutilia ufunguo, ambayo hufungwa kinyume na skrubu nyingine zote, isije ikalegea kwa kazi yake yenyewe. Fundi asiyelijua hilo huivunja siku yake ya kwanza kazini. Yeye hakuwa wa siku ya kwanza. Kitu kinachobeba kazi nzito namna hii, akajiambia, lazima nacho ni cha kinyume. Mke wangu ananiambia habari za bomba kwa sababu anadhani mimi ni mtoto. Akatema mate viganjani na kuligeuza upande wa pili kwa nguvu zake zote.

"Vipi?" Mama Pampu akauliza.

"Limekaza barabara!"

"Limekaza vipi? Si nimekuambia ufungue?"

Tone la kwanza lilimwangukia kwenye lenzi.

Maji yaliyofuata yana wasimulizi wengi. Yaliteremka kilima, yakaingia mtaa wa chini, na wa chini kabisa pale alikuwa meneja, ametandika turubai uani na kupanga viti vya plastiki vya kukodi kwa ajili ya wakwe. Kiti kimoja kilisogea, hilo ni kweli. Mama mkwe wa meneja alikuwa amekikalia, hilo pia ni kweli. Wanaosema kilimfikisha mpaka dukani na kumrudisha wanaongeza yao. Meneja alikimbia bondeni suruali imekunjwa magotini, ufunguo mkononi, akazima pampu mwenyewe. Mlinzi alirudi wakati huohuo akiwa amenyolewa upande mmoja tu, kwa sababu maji yalikuwa yamepita kwa kinyozi pia.

*

Kufuli alirudi kabla giza halijaingia, baada ya kuiona simu yake na kuhesabu ni mara ngapi alikuwa ametafutwa. Alikuta suruali ya baba yake inaning'inia kwenye kamba ikichuruzika, na mama yake amegeukia ukutani. Kumgeuzia mtu mgongo ukiwa na plasta si kazi ndogo. Ilimaanisha amekasirika kweli.

"Mama, si uliniambia mlishaacha kutumia telnet?"

"Nilikuambia."

"Kumbe ulinidanganya?"

"Nilikupunguzia maneno. Kila nikikutajia hiyo programu unanihubiria mpaka chai inapoa. Nikaona niseme tumeacha, ninywe chai yangu ya moto." Mama Pampu akajigeuza kwa shida, shuka likabaki upande wa pili. "Haya, na wewe. Umekuja kunisalimia au kunikagua? Mtu akikufanyia usafi anauliza, mama hiki bado unakitaka au nikitupe? Wewe hukuuliza. Umeingia, umechukua, umenibusu, umeondoka."

"Sikuitoa kwenye laptopu yako tu, Mama. Tumeitoa kwa watu wote."

"Sikia anavyojitetea! Polisi wakimkamata atasema hajaiba kwako tu, ameiba mtaa mzima."

Fundi Saa alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Ni mbaya ile programu," Kufuli akasema, sauti imeshuka. "Maneno unayoandika yanasafiri uchi. Hayana hata—"

"Mbele ya baba yako unasema uchi?"

"Basi, yanasafiri bila nguo. Mtu yeyote aliye njiani anayaona. Ngoja nikuonyeshe."

Alikuwa nayo ile programu kongwe kwenye flashi. Akairudisha kwenye laptopu ya mama yake, kisha akafungua laptopu yake mwenyewe, akaiunganisha kwenye waya uleule unaotoka kwenye antena, akakaa sakafuni na kuegemea kabati. "Ingia kama unavyoingia siku zote," akasema. "Usinitajie nenosiri. Andika tu."

Mama Pampu akaandika jina lake la kazini. Kisha akaanza nenosiri, na kwenye skrini yake halikuonekana hata nukta, ndiyo maana siku zote alijiona salama. Ila kwenye skrini ya Kufuli herufi zilitokeza moja baada ya nyingine, nene, nyeupe. Fundi Saa, ambaye hajawahi kupitwa na maandishi madogo, aliinama na lenzi yake na kuyasoma kwa sauti.

"Kijana... wa... baiskeli."

Mama Pampu akaifunga laptopu yake.

Enzi za ujana wao kulikuwa na kijana aliyekuwa akipita na baiskeli mbele ya nyumba ya kina Mama Pampu kila jioni, na kila jioni mnyororo ulikuwa ukimtoka palepale, mbele ya dirisha lilelile. Aliutengeneza kwa muda mrefu mno kwa mtu ambaye baadaye angekuwa fundi. Dada zake Mama Pampu walimpa jina hilo la kijana wa baiskeli, na Fundi Saa aliamini limesahaulika pamoja na nywele zake.

"Kumbe bado?" alisema.

"Bado nini?" Mama Pampu alikuwa amevuta shuka mpaka kidevuni. "Tuliambiwa nenosiri liwe kitu ambacho mtu hawezi kukisahau. Basi. Usinitazame hivyo, wewe ndiye uliyeniloweshea mji."

Fundi Saa akatoka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Walimsikia jikoni akiangusha vifuniko.

"Sasa, Mama," Kufuli akasema taratibu, "fikiria kuna mtu kule nje na antena kama hii. Angejua ninachokijua mimi hivi sasa. Angekuwa wewe. Angewasha akitaka, angezima akitaka, watu wakae bila maji na lawama ije kwenye kitanda hiki."

Mama Pampu aliitazama ile skrini kwa muda. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, aibu ya mtu aliyegundua kwamba amekuwa akibadilisha nguo dirishani.

"Mbona hukunionyesha hivi siku zote?" akauliza. "Ulikuwa unaniambia tu hatari, hatari, kama wale wauza sumu ya panya."

Kufuli akafunga laptopu yake, akaenda jikoni kuokota vifuniko.

*

Meneja alikuja siku iliyofuata, na alikuja na machungwa. Mama Pampu alipoyaona tu akajua. Bosi anayekuja kukugombeza haji na matunda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kitandani, ndiyo ofisi yenyewe."

Meneja alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe. Alitafuta pa kukaa, akaona kiti kimoja kimebeba beseni la kuogea, akaamua kusimama, mfuko wa machungwa ukimning'inia mkononi.

"Mama mkwe anaendeleaje?" Mama Pampu akamuuliza.

"Amekauka."

"Tunamshukuru Mungu."

"Mama, mimi sikulaumu. Na mzee simlaumu." Nyuma ya mlango, mzee alishukuru kimoyomoyo. "Tatizo ni hiki chombo unachotumia. Nimekaa nimesoma. Si maneno yangu haya, ni ya hao hao wanaotengeneza mfumo wa kompyuta yako." Akatoa simu, akaisogeza mbali kidogo na macho. "Wanasema hivi: 'Telnet haina nafasi tena katika mfumo huu. Anayeendelea kuitumia leo ni mzembe, na uzembe wake usibebeshwe wengine.' Umesikia, mama? Mzembe. Sasa mimi nikiulizwa na wakubwa nitasema nini?"

Mama Pampu alikuwa ameiongoza pampu ile tangu meneja akiwa anavaa kaptula ya shule, na neno lile lilimkaa kifuani kama mfupa. Alivuta ncha ya shuka akafunika vidole vya mguu wa plasta, kana kwamba ndivyo vilivyotukanwa.

"Kuna kijana nimempata," meneja akaendelea. "Atakaa palepale kituoni, atawasha na kuzima kwa mkono. Wewe upumzike. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nipumzike mpaka mguu upone?"

"Upumzike tu, mama."

Vikombe vililia mlangoni. Kufuli alikuwa amesimama na sinia. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na tangu asubuhi alikuwa akitafuta namna ya kuomba radhi bila kuonekana anaomba radhi. Njia ikawa imejitokeza, na haikuwa aliyoitaka.

"Hayo maneno ni yangu," alisema.

"Yapi?" meneja akauliza.

"Hayo unayosoma. Niliyaandika mimi. Tazama chini kabisa, utaona jina langu." Akaliweka sinia juu ya plasta, kwa mazoea ya nyumba. "Tulitaka kuitoa hiyo programu, na kuitoa ni sawa. Ila nilipoandika 'mzembe' nilikuwa namfikiria mtu nisiyemjua. Mama yangu hakuzembea. Ofisi yako haijabadilisha kile kisanduku, na hakisikii kitu kingine. Angekiongelesha kwa kitu gani? Na jana ni mimi niliyekuja nikamwondolea programu pampu ikiwa inakimbia, bila kumuuliza. Maji yaliyomfikia mama mkwe wako yalitoka kwangu."

Meneja alimtazama binti, akaitazama simu, akamtazama mama. Ni vigumu kuendelea kumsomea mtu maandishi wakati mwandishi amesimama mbele yako amekasirika.

"Kijana nimeshamwambia aje Jumamosi," akasema mwishowe.

"Tupe mpaka Ijumaa. Nitafanya mama aongee na kisanduku bila mtu kumsikia. Uje ukae kituoni uone mwenyewe. Ikishindikana, mlete kijana wako."

"Na mpaka Ijumaa nani atawasha pampu?"

"Wewe," Mama Pampu akasema. "Ufunguo si unao? Alfajiri kuwasha, jioni kuzima. Usichelewe, watu wanaoga mapema. Na hayo machungwa yaache, baba, umeyabeba mpaka mkono umekufa ganzi."

*

Jumatano jioni kikundi cha Kufuli kilikuwa na mkutano kwa mtandao. Kufuli aliufanyia palepale chumbani kwa mama yake, miguuni pa kitanda, kwa sababu nyumba haikuwa na meza nyingine iliyo wazi. Kwenye skrini walijipanga watu wanne: mmoja mwenye ndevu zilizojaza dirisha lake zima, waliyemwita Ndevu, mwanamke anayehudumia mashine za maabara za hospitali, na wengine wawili waliokuwa wakisikiliza tu huku mmoja wao akikunja nguo.

Malalamiko yalikuwa yamemiminika. Mwanamke wa maabara alisema ana mashine ya kupima damu ambayo haijui lugha nyingine, na toleo jipya limemwacha solemba. Ndevu alisema huo ni ugonjwa wa maabara, si wa mfumo.

"Tukiendelea kubeba makorokoro ya kila mtu, hatutafika," alisema. "Kila programu tunayoiweka ni dhamana yetu. Tukiiweka tunawaambia watu, itumieni."

"Mimi naomba tuirudishe," Kufuli akasema.

Ndevu alisogelea kamera mpaka zikabaki ndevu tupu. "Wewe? Si wewe uliyetusumbua miezi yote hii tuitoe?"

"Ni mimi. Nimebadili mawazo. Irudi kama zamani, kwenye kila kompyuta."

"Wewe! Hebu nisogezee hiyo mashine," ilisikika sauti kutoka kitandani.

"Mama, tuko kwenye kikao."

"Na mimi nipo kwenye kitanda changu. Nisogezee."

Waliokuwa kwenye skrini wakaona dari, wakaona kabati, kisha wakaona uso wa mama mwenye miwani, amejifunga kitambaa kichwani, amefanya makunyanzi ya kutafuta kamera iko wapi.

"Hamjambo, wanangu? Mimi ndiye yule mzembe."

Mtu mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki. Aliyekuwa akikunja nguo akaiweka chini.

"Huyu mwenzenu anataka kuirudisha kwa sababu amenihurumia," Mama Pampu akasema. "Msimkubalie. Mimi niliikuta kwenye kompyuta, nikasema kama imewekwa na wenyewe, basi ni nzuri. Nimeitumia mpaka juzi, nikaonyeshwa kwamba kila nilichoandika kilikuwa kinasomeka. Na nilichoandika hakikuwahusu watu." Jikoni kifuniko kilianguka. "Mkiimwaga tena kwa kila mtu, kuna mwenzangu mwingine ataiokota hivyohivyo. Lakini na nyinyi mmezidi. Mtu anakitegemea kitu, mnakichomoa kimyakimya, halafu mnamtukana. Kabla hamjambadilishia mtu mfumo, muulizeni: hiki kinatoka, unakitumia? Akisema ndiyo, mwambieni kiko wapi akifuate mwenyewe, na mumwonyeshe kinavyomwanika."

"Na akidanganya kwamba hakitumii?" Ndevu akauliza, bila ubaya.

"Hapo mume wake ataloa."

Walicheka wote safari hii, na Ndevu alicheka mpaka akajifuta macho. Mwanamke wa maabara akasema hilo yeye analitaka, hahitaji zaidi: kujua mapema, na kujua pa kuipata. Wakabishana kidogo, kwa sababu ni watu wa kubishana. Mwishowe wakakubaliana. Telnet haitakuja tena pamoja na mfumo. Itawekwa kando, kwa anayeihitaji aiombe, na akiiomba atapewa onyo linaloeleweka. Ile sehemu yake ya pili, inayokaa ndani ya kompyuta yako ikisubiri mtu wa mbali aingie, wasimpe tena mtu yeyote. Na mfumo usijibadilishe kabla ya kuuliza.

Kufuli alipewa kazi ya kuandika upya tangazo. Aliandika, akamsomea mama yake. Mama yake akamwambia ni zuri ila refu.

*

Ijumaa jioni meneja alifungua kabati la swichi kituoni huku anapiga miayo. Wiki nzima alikuwa ameamka kabla ya majogoo na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa amenyolewa pande zote, alimpisha kwa saluti.

Kufuli alikuwa amekuja na kikompyuta kidogo kama kasha la sabuni. Akakiweka ndani ya kabati, ubavuni mwa kile kisanduku kikongwe, akaviunganisha kwa waya mfupi usiofika hata kiwiko. Baba yake alikuwa na bisibisi zake ndogo, amejitolea kukaza skrubu.

"Mzee, kwa heshima zote," meneja akasema, "wewe usizungushe kitu chochote."

Fundi Saa akamkabidhi binti yake bisibisi bila ubishi.

"Hawa wawili wataongea lugha yao ya zamani humu ndani, kabati limefungwa," Kufuli alimweleza meneja. "Kutoka kwa Mama mpaka kwa hiki kidogo, maneno yamefungwa. Mtu akiyadaka njiani ataona takataka tupu. Siku mtakayonunua kisanduku kipya, mtavitupa vyote viwili."

"Siku hiyo nitakuwa nimestaafu na mimi," meneja akasema. Akampigia Mama Pampu, akaweka sauti kubwa. "Haya, mama. Pampu inakimbia. Izime."

Nyumbani Mama Pampu alikuwa peke yake, simu imeegemea kikombe, mikono juu ya vibonyezo. Aliandika. Akasubiri.

Kituoni pampu iliendelea kunguruma.

Meneja alimtazama Kufuli. Kufuli alikitazama kile kikompyuta, taa yake ya kijani ikikonyeza. Fundi Saa alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, ili isije ikagusa kitu. Kijana wa Jumamosi alikuwa amekuja pia kuangalia kazi yake mpya. Alikuwa amesimama karibu na geti na daftari jipya kwapani.

"Mama, bado," meneja akasema. "Hakuna kitu. Bonyeza tena."

"Sibonyezi."

"Kwa nini?"

"Kinafikiri. Ukikiharakisha kinanuna mpaka kesho. Nyamazeni kidogo."

Wakanyamaza. Wote walikuwa na maneno na kila mmoja aliyameza. Kisha ndani ya bonde lile, ambamo ngurumo ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba watu walisahau kwamba ipo, sauti ilishuka, ikakohoa, ikateleza kama mtu anayekaa chini taratibu, ikafa. Mlinzi alitoka nje ya kibanda chake kutazama kumetokea nini.

"Mnasikia nini huko?" Mama Pampu akauliza kwenye simu.

Meneja alitega sikio upande mmoja, akatega upande wa pili.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo hivyo."

Meneja akafunga kabati, akautia ufunguo mfukoni, akaugusa tena kwa nje kuhakikisha. Akamtazama yule kijana wa getini, akamwita kwa kidole, akamwambia kuna nafasi ya kusoma mita, aje Jumatatu. Halafu akageuka akawapa wengine mgongo na kuileta simu karibu na mdomo, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu.

"Mama, sasa hiyo kesho alfajiri... utawasha mwenyewe? Mimi nisije?"

"Usije," Mama Pampu akamwambia. "Lala, baba."